Fundi, Kibarua na Mlaji

Kiswahili kimetenga kwa uangalifu majina mawili ya mtu afanyaye kazi kwa mikono yake. Yuko fundi, na yuko kibarua. Fundi huitwa kwa kile anachokijua: fundi seremala, fundi cherehani, fundi wa majahazi. Kibarua huitwa kwa kijikaratasi. Jina lake limetokana na ile barua ndogo aliyokuwa akipewa mtu wa kazi ya kutwa ili ithibitike kwamba siku yake ameifanya. Fundi hata akilala ni fundi. Kibarua jua likishatua hana tena jina. Tofauti yao si ya ujira tu, maana wako mafundi wengi waliokufa masikini. Ni tofauti ya nani anayeijua kazi, na kwa hivyo nani mwenye haki ya kusema kwamba kazi hii imekwisha au haijesha.

Katika kurasa hizi nakusudia kueleza jinsi mpaka huo ulivyofutwa ndani ya kiwanda kimoja cha Marekani kuanzia mwaka 1913, na jinsi yule aliyepokonywa ufundi wake alivyofidiwa kwa kitu kingine ambacho dunia ilikuja kukipenda mno. Kiwanda chenyewe ni kile cha Highland Park, kando ya mji wa Detroit, mali ya kampuni ya Henry Ford.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1903, wakati magari yalikuwa bado yakiundwa namna ziundwavyo samani. Gari lilisimama mahali pamoja, na mafundi wakalizunguka. Kila mmoja alikuwa na tupa yake mkononi, maana kipande kilichotoka mashineni hakikukubali kuingia mahali pake mpaka kitiwe tupa, kijaribiwe, kitolewe, kitiwe tupa tena. Wengi wao walikuwa wametoka katika karakana za magari ya farasi na za baiskeli. Waliijua kazi, na walijua kwamba wanaijua. Ford alipotoa gari lake la Model T mwezi wa Oktoba 1908, bei yake ilikuwa dola 850, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa nchi ile hakuzipata kwa mwaka mzima. Miaka miwili baadaye alihamia katika jengo jipya la Highland Park, lililosanifiwa na Albert Kahn, lenye madirisha mengi hata mtu akidhani ni nyumba ya vioo.

Yaliyotokea ndani ya jengo lile hayakuwa uvumbuzi wa mtu mmoja, ingawa vitabu vingi hupenda kutusimulia hivyo. Vipande vinavyofanana kiasi cha kuweza kubadilishana mahali vilikuwa vikitengenezwa zamani katika viwanda vya bunduki vya Marekani. Na wazo la kuisogeza kazi imfuate mtu, badala ya mtu kuifuata kazi, Ford mwenyewe alikiri katika kitabu alichokitoa mwaka 1922 kwamba kwa jumla lilitoka katika machinjio ya Chicago. Huko mizoga ya ng'ombe ilining'inizwa kwenye kulabu zilizokuwa zikitembea juu, na kila mchinjaji alisimama mahali pake akakata mkato mmoja tu, ule ule, kutwa. Njia iliyokuwa ikitumika kumgawa ng'ombe vipande ikageuzwa kinyume, ikatumika kuviunganisha vipande mpaka viwe gari.

Jaribio la mwanzo lilifanywa mwezi wa Aprili 1913, kwenye kile kifaa chenye sumaku kinachotoa cheche za kuwashia injini. Hapo awali mtu mmoja alikiunda chote peke yake kwa dakika 20 hivi. Kazi yake ikagawanywa katika hatua 29, watu wakapangwa kwa safu, na kifaa kikawa kinapita mbele yao. Muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10. Mwaka uliofuata waliuinua mstari kwa inchi 8 ili watu wasiiname, muda ukawa dakika 7. Wakaichezea kasi ya mstari, ukawa dakika 5. Baada ya hapo ikaja zamu ya gari lenyewe. Kuunganisha chasisi moja kulikochukua saa 12 na dakika 28 kulifikia, mwanzoni mwa 1914, saa moja na dakika 33.

Msomaji asizipite haraka tarakimu hizi. Dakika 15 zilizookolewa kwenye kifaa kimoja zilitoka wapi? Zilitoka katika hatua za miguu, katika kunyoosha mgongo, katika kuokota nyundo na kuiweka chini, katika kumgeukia mwenzio na kumwuliza mtoto wake kaamkaje. Hizo ndizo nyakati ambazo fundi hupumzikia ndani ya kazi bila ya mtu kumwona kuwa amepumzika, na ndizo pia nyakati anazofikiria. Mstari ulizikusanya zote ukazitia mfukoni mwa mwenye kiwanda.

Pamoja nazo uliuchukua ufundi. Katika kitabu kile kile cha 1922 Ford aliandika, kwa fahari, kwamba asilimia 43 ya kazi zote za kiwandani mwake mtu huweza kufundishwa kwa siku isiyozidi moja, na asilimia 36 nyingine kwa muda wa kati ya siku moja na juma moja. Kisha akatoa hesabu ambayo mimi kila niisomapo hunisimamisha. Alizihesabu kazi za namna mbalimbali zilizokuwamo kiwandani akapata 7,882. Kati ya hizo, alisema, 670 zaweza kufanywa na watu wasio na miguu, 2,637 na wenye mguu mmoja, 715 na wenye mkono mmoja, 10 na vipofu, na mbili na watu wasio na mikono kabisa. Inapasa kusema kwa insafu kwamba Ford kweli aliwaajiri vilema wengi, tena kwa ujira kamili, wakati waajiri wengine walikuwa wakiwafungia milango. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini hesabu ile ina upande wake wa pili. Ikiwa kazi moja yahitaji mkono wa kulia tu, basi mzima aifanyaye amekodiwa mkono wa kulia, na sehemu zake nyingine, pamoja na kichwa, zimesimama pale kutwa zikimngojea mkono amalize zamu.

Wafanyakazi walijibu kwa miguu yao. Waliondoka. Katika mwaka 1913, ili kuwa na watu 14,000 hivi kiwandani, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya 52,000. Mtu alikuja Jumatatu, akausimamia mstari, na siku chache baadaye hakuonekana tena wala hakuaga. Detroit ilikuwa na viwanda vingine, na fundi alikuwa bado na pa kwenda.

Hapo ndipo ilipozaliwa siku ya dola tano. Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ilitangaza kwamba ujira uliokuwa dola 2.34 kwa saa tisa utakuwa dola 5 kwa saa nane, na kwamba kiwanda kitafanya kazi kwa zamu tatu usiku na mchana. Khabari ilienea Marekani nzima. Watu kwa maelfu walijazana malangoni katika baridi kali ya Januari, na siku chache baadaye, kazi zilipokuwa zimejaa na umati haujatawanyika, waligeuziwa mipira ya maji ya kuzimia moto. Picha ya mwanzo ya neema ile ni ya watu waliorowa, nguo zikiwagandia mwilini kwa barafu.

Katika mwezi huo huo kulitokea jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Zaidi ya theluthi mbili ya wafanyakazi wa Highland Park walikuwa wamezaliwa nje ya Marekani: Wapolandi, Warusi, Waromania, Wataliana, Wagiriki, na Waarabu wa Sham pia, ambao mwaka 1921 walijengewa msikiti mjini humo, miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa kujengwa Marekani, ingawa haukudumu miaka mingi. Wagiriki na Warusi ni Wakristo wa Kiothodoksi, na kwa kalenda yao ya kale Krismasi huangukia Januari. Januari ile ya 1914 walikaa majumbani kusherehekea sikukuu yao. Waliporudi, baina ya watu mia nane na mia tisa walifukuzwa kazi. Sisi ambao Idi yetu hungojea mwezi uandame hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Katika karakana ya zamani fundi mmoja akikosekana, gari lake hungoja. Katika mstari akikosekana mmoja, wote husimama. Kwa hivyo mstari haukuweza kuvumilia kalenda mbili.

Tena zile dola tano hazikuwa ujira kamili. Dola 2.34 zilibaki kuwa ujira. Zilizosalia ziliitwa fungu la faida, na fungu hilo lilitolewa kwa yule tu aliyestahili. Ili kujua nani anastahili, kampuni iliunda idara yake ya mambo ya kijamii, ikawatuma wachunguzi nyumba hadi nyumba. Walimwuliza mtu kama amefunga ndoa, kama anakunywa pombe, ameweka akiba kiasi gani, nyumba yake ni safi, amepangisha watu wangapi ndani. Mke aliulizwa pia. Wanawake waliofanya kazi kiwandani, kwa upande wao, hawakuingizwa katika mpango huu mwanzoni. Wageni walipelekwa katika skuli ya Kiingereza ya kampuni, na katika mahafali yake jukwaani kulijengwa chungu kikubwa: wahitimu waliingia chunguni wakiwa wamevaa nguo za kwao, wakatokea upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani. Mtunzi wa tamthilia angelibuni kichekesho kama hicho tungelimwambia amezidisha chumvi.

Lakini kati ya maandishi yote yaliyobaki ya mwezi ule, lililo zito zaidi kwangu ni barua ya mwanamke mmoja, mke wa mfanyakazi, aliyomwandikia Ford mwenyewe bila ya kutia jina. Alimwambia kwamba ule mfumo wake wa mnyororo ni nyapara wa watumwa. Kwamba mume wake amerudi nyumbani, amejitupa, na chakula cha usiku kimemshinda kwa uchovu. Akauliza kama hapana dawa. Kisha, na hapa ndipo barua ilipo na ukweli wake wote, akasema kwamba zile dola tano ni baraka, baraka kubwa kuliko Ford anavyojua, lakini kwa hakika wanazitolea jasho.

Sisi watu wa kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 inatupasa kulisoma neno la mama yule kwa hadhari. Mume wake hakuwa mtumwa. Alikuwa na uhuru wa kuondoka, na maelfu kabla yake walikuwa wameutumia. Dola tano ziliufanya uhuru huo kuwa ghali mno kuutumia. Nani angeziacha dola tano arudie mbili na nusu, ana watoto, na ameshaanza kulipia nyumba? Mtu aliyekuwa akishikwa na fahari ya kazi yake sasa alishikwa na bahasha ya ujira. Wako waliosema wakati ule, na wangali wapo, kwamba Ford aliongeza ujira ili wafanyakazi wake waweze kuyanunua magari yake. Hesabu haikubali: kampuni haiwezi kutajirika kwa kuwauzia watu wake elfu kumi na nne. Aliongeza ujira ili wasiondoke. Kwamba waliokaa waligeuka kuwa wanunuzi ni jambo lililofuata nyuma, na yeye alilitambua polepole.

Lakini alilitambua. Mwaka 1926, aliposhusha kazi za kiwandani kuwa siku tano kwa juma, alieleza waziwazi kwamba mtu asiye na wakati hana haja ya vitu. Mwenye siku mbili za mapumziko atataka nguo zaidi, vyombo zaidi, na gari la kumtembeza. Mwaka mmoja kabla, bei ya chini kabisa ya Model T ilikuwa imeteremka hadi dola 260. Kiswahili cha siku hizi humwita mnunuzi wa bidhaa mlaji, na sijui nani aliyelichagua neno hilo, lakini nikilisikia humkumbuka yule mume aliyeshindwa na chakula chake.

Na mlaji hakuwa mtiifu kama kibarua. Hili ndilo pindi la khabari hii ambalo Ford hakulitazamia. Yeye aliamini kwamba gari moja zuri, la namna moja, na kuanzia 1914 la rangi moja nyeusi, likizidi kuwa rahisi kila mwaka, litamtosha kila mtu milele. Aliuchukia mkopo. Mwaka 1923 alianzisha mpango wa mteja kuweka dola 5 kila juma mpaka bei itimie ndipo apewe gari, jambo ambalo lingelifahamika mara moja kwa wacheza upatu wetu, ila huu ulikuwa upatu wa mtu mmoja, hauna zamu ya kupokea mapema. Watu hawakuupenda. Washindani wake wa General Motors walikuwa tangu 1919 na kampuni yao ya kukopesha: chukua gari leo, ulipe kidogo kidogo. Tena Alfred Sloan, aliyeshika uongozi wa General Motors mwaka 1923, alikuwa na magari ya bei mbalimbali, kwa rangi mbalimbali, na akayabadilisha sura mara kwa mara ili la mwaka jana lionekane kuukuu hata likiwa zima.

Naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo, kwa kuwa somo hilo la Sloan pwani yetu ililijua mapema. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, nguo za pamba za viwanda vya Massachusetts zilimiminika Unguja, na mpaka leo tunaziita merikani. Zilikuwa za namna moja, nyeupe zisizotiwa rangi, imara, rahisi. Kwa hakika zilikuwa Model T ya nguo. Zilivaliwa kote bara. Lakini mwanamke wa mjini hakukubali kufungwa na merikani daima. Karne ile haikwisha ila kanga imekwisha shika soko, na kanga tabia yake ni kwamba mtindo wa msimu uliopita hauvaliki harusini. Wafanyabiashara waliokuwa wakiagizia nguo hizo Ulaya na Bara Hindi walijua kwamba shehena iliyochelewa huweza kuwa hasara tupu. Laiti Ford angelipata nafasi ya kukaa kibarazani Mji Mkongwe jioni moja tu, akawasikiliza wanawake wakizungumza.

Badala yake alingoja mpaka 1927. Mwezi wa Mei mwaka huo, baada ya kuunda magari milioni 15 ya Model T, aliusimamisha mstari. Kwa muda wa nusu mwaka hivi hapakutoka gari jipya la abiria, na maelfu ya wafanyakazi wakakaa bure, mpaka lilipotoka gari la Model A mwezi wa Disemba, nalo lilikuwa na rangi za kuchagua. Mwaka huo Chevrolet ya General Motors iliipita Ford kwa mauzo. Mtu aliyemfanya kibarua kuwa mlaji alishindwa na mlaji wake, na waliolipa gharama ya kushindwa huko ni vibarua waliokuwa malangoni wakingoja mitambo mipya ifungwe.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita kwa ufupi. Kazi ilikuwa imehamia katika kiwanda kikubwa zaidi cha River Rouge, Dearborn, ambako maelfu ya Wamarekani weusi waliotoka kusini walipata ajira wasiyoipata kwengine, wengi wao wakiwekwa penye joto na moshi wa kusubu chuma. Uchumi ulipoanguka baada ya 1929, ujira ule wa baraka haukuwa na wa kuulipa. Tarehe 7 Machi 1932 watu wasio na kazi waliandamana hadi Rouge. Polisi na walinzi wa kampuni wakapiga risasi, wanne wakafa siku ile. Idara iliyokuwa ikichunguza nyumba za watu ilikuwa imeshatoweka, na nidhamu sasa ilikuwa mikononi mwa Harry Bennett na watu wake wa mabavu. Kiwandani ilikatazwa kuzungumza, na wafanyakazi wakajifunza kusemezana bila ya kuchezesha midomo, sanaa iliyopata jina la mnong'ono wa Ford. Nimeshasema kwamba fundi alipokonywa ujuzi. Kumbe huo ulikuwa ujuzi mpya.

Na ujuzi mwingine walioupata ulitoka ndani ya mstari wenyewe. Ikiwa akikosekana mmoja wote husimama, basi wachache wakikaa chini kwa makusudi, kiwanda kizima ni chao. Hivyo ndivyo walivyofanya wafanyakazi wa General Motors mjini Flint kuanzia tarehe 30 Disemba 1936: hawakutoka nje kugoma, walikaa ndani kando ya mashine, siku 44, mpaka kampuni ilipokubali kuzungumza na chama chao. Ford alikataa kwa miaka minne zaidi. Tarehe 26 Mei 1937 viongozi wa chama, akiwamo Walter Reuther, walipigwa vibaya na watu wa Bennett juu ya daraja la waendao kwa miguu la kuingilia Rouge, mbele ya wapiga picha. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1941.

Msanii wa Mexico, Diego Rivera, alifika Detroit mwaka 1932, mwaka ule ule wa maandamano, akachora kuta za jumba la sanaa la mji kwa fedha zilizotolewa na Edsel, mwana wa Henry Ford. Katikati ya kuta mbili kubwa umo mstari wa Rouge, watu wamejikunja kwa nguvu, mashine zimewasimamia kama miungu ya kale ya Mexico. Na kando ya ukuta mmoja wamechorwa wageni waliokuja kutazama, wamevaa vizuri, kama watu walioingia duka wasilokusudia kununua kitu. Chini kabisa, kwa rangi ya kijivu tu, Rivera aliweka vijipicha vya siku moja ya mfanyakazi tangu asubuhi. Cha mwisho chaonesha zamu imekwisha. Watu wamegeuza migongo, wanavuka daraja, na upande wa pili yanawangojea magari yao.